Kondoo wa Isiolo na saa iliyo ubongoni

Mfugaji wa Isiolo anayewaacha kondoo dume wachanga wachanganyike na majike huenda akashtukia mimba asizozipanga. Dume hubalehe mapema kuliko dada yake. Nyumbani kwako mambo ni kinyume: msichana humtangulia kaka yake kwa mwaka mmoja au miwili, na wazazi huanza kuulizana kulikoni.

Saa ya mambo haya iko ubongoni, katika sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, inayoiamuru tezi ya pituitari kumwaga homoni za kuamsha korodani au ovari.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliichunguza kwa kondoo. Kwa dume, homoni hizo huanza kupanda akiwa na wiki 10 hivi. Jike husubiri hadi wiki ya 25 au 30. Wakawadunga kondoo wenye mimba testosteroni, homoni ya kiume. Majike waliozaliwa wakaanza mapema kama madume!

Hata walipokua, kasoro ilibaki. Estrojini ikipanda, ubongo wa jike huachilia homoni kwa mkupuo mmoja ili yai litoke. Ubongo wa dume hauwezi. Wengi wa majike wale nao walishindwa, ingawa ovari walikuwa nazo. Kumbe saa hiyo hutegwa tumboni mwa mama.

Lakini usikimbilie kumlinganisha binti yako na kondoo. Tumbili dume aina ya rhesus, akishahasiwa na kupewa estrojini, huutoa mkupuo huo kama jike.