Reli ya Karanga: Ilikujaje, Ikaondokaje?

Siku hizi korosho zetu zinapanda lori kwenda bandarini Mtwara. Ukimwambia kijana wa Lukuledi kwamba zamani treni ilifika Nachingwea na Masasi, atacheka. Atasema wazee wanamtania. Hapana, wazee hawatanii. Treni ilikuwapo, tena ilikuwa treni kubwa, inayopita katika reli yenye upana wa mita moja kama ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Lakini ilidumu miaka 13 hivi tu, kisha ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Leo tuone sababu yake.

Kila reli na mzigo wake

Wakoloni hawakujenga reli ili watu watembeleane. Walijenga ili kuchukua mali. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na mashamba makubwa ya walowezi yakaifuata, hasa ya mkonge. Reli ya Kati waliijenga kuanzia mwaka 1905 hadi 1914, wapate biashara ya bara mpaka Ziwa Tanganyika. Kusini kwetu hawakuleta reli kubwa.

Reli yetu ililetwa na karanga. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Watu wa kule walipewa mafuta kwa mgao. Serikali yao ikaona dawa ni kulima karanga Afrika. Mwaka 1946 ikatuma wataalamu watatu, wakazunguka wiki chache tu, wakatoa ushauri wa kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa iwe huku kwetu, Jimbo la Kusini. Wakulima wa hapa, wanaoijua mvua na udongo wa kwao, nani aliwauliza?

Reli yajengwa

Basi, karanga nyingi namna hiyo zingefikaje pwani? Barabara zilikuwa mbaya, na wakati wa masika magari yalizama. Bandari ya Lindi nayo ilikuwa na kina kidogo, meli kubwa hazikuweza kufunga gati. Kwa hiyo ikaamuliwa ijengwe reli mpya na bandari mpya.

Kwanza reli ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi. Treni ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kisha reli ikaunganishwa na Mtwara, kwenye maji ya kina kirefu. Gati la Mtwara likafunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 likaongezwa tawi la kufika Masasi.

Karanga zenyewe ziliishia wapi? Kongwa, ambako kazi ilianza mwaka 1947, mizizi ya miti ilivunja mashine. Mvua haikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo mkubwa. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Nachingwea pakabaki mashamba machache ya majaribio.

Sasa tazameni miaka hiyo vizuri. Karanga ziliachwa mwaka 1951. Gati likafunguliwa mwaka 1954. Maana yake, njia ilikamilika wakati mzigo wake umekwisha kufa! Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Kwa nini treni haiwezi kungoja?

Mtu atauliza: mbona haikuachwa tu ichukue mizigo kidogo kidogo? Tufanye hesabu. Lori likikosa mzigo, mwenyewe analiegesha, au analipeleka njia nyingine. Reli haihami. Iwe na mzigo au haina, mataruma yanaoza na lazima yabadilishwe. Matuta yanaliwa na mvua, madaraja yanataka kukaguliwa, majani yanataka kufyekwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, zaidi ya kilomita 200. Wafanyakazi wa steshoni nao wanataka mshahara kila mwezi. Gharama hizo, zikigawanywa kwa tani nyingi, kila tani inalipa kidogo. Zikigawanywa kwa tani chache, hakuna wa kuzilipa.

Ndivyo ilivyokuwa. Reli ilipata hasara kila mwaka. Mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru, ikafungwa.

Halafu mzigo ukaja

Hapa ndipo penye uchungu. Watu wa Newala, Masasi na Mtwara walikuwa wakipanda mikorosho, kila mmoja katika shamba lake, bila matrekta. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani kama 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Wakati huo reli imeshang'olewa.

Lakini tusidanganyane. Hata kama reli ingekuwapo, haikupanda kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde. Mtu wa Newala angetafuta lori kwanza. Tena korosho ni mzigo wa miezi michache. Reli inataka mzigo wa mwaka mzima.

Neno hili si la kale tu. Upo mpango wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Makaa na chuma ni mzigo wa mwaka mzima, hilo ni jema. Lakini habari ya reli ikija katika mkutano wa kijiji, msipige makofi tu. Ulizeni: Itapita wapi? Itabeba nini? Mkulima atapakia wapi gunia lake, na kwa bei gani?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini gharama ya reli haipungui mzigo unapopungua?
2. Waliopanga mashamba ya karanga wangewauliza nini wakulima wa hapa?
3. Walioiona treni ya Masasi wakiwa vijana sasa wamepita miaka 80. Mtafute mmoja kijijini kwenu. Mwombe akuonyeshe tuta la reli lilipopita, na uandike maneno yake kwenye daftari kabla hayajapotea.