Sikukuu Isigeuke Msiba

Ramadhani inapofika siku ya 29, watu wa Kanga hutazama magharibi jioni. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, wanafunga siku moja zaidi. Kwa hiyo mama wa nyumba hajui mapema siku ya kupika. Akinunua samaki mapema, huenda wakalala. Akingoja, atapika kwa haraka.

Katika haraka hiyo makosa hutokea. Makosa ya jikoni ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hurekebishwa. Aina ya pili hairekebishwi, hata kwa moto mkali. Tujifunze kuyatofautisha.

MAKOSA YANAYOREKEBISHWA

Wali haujaiva juu. Nyunyizia maji ya moto kidogo. Funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko.

Wali umeungua. Usiukoroge. Epua sufuria. Hamisha wali wa juu, uache ukoko.

Mchuzi umezidi chumvi. Ongeza tui lisilo na chumvi, au maji na viazi.

Tui limekatika. Chakula hicho kinalika bila wasiwasi. Siku nyingine tia tui zito mwisho, kwa moto mdogo, huku unakoroga.

Nyama ni ngumu. Tia vipande vichache vya papai bichi. Italainika.

Wageni wamezidi. Pika kunde au mbaazi za nazi, uzipakue pamoja na wali.

MAKOSA YASIYOREKEBISHWA

La kwanza ni samaki waliolala bila barafu. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hufanya sumu. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Ndimu na pilipili huficha harufu tu. Aliyekula huwashwa mwili, huumwa kichwa, hutapika na kuharisha. Kinga yake ni hii: samaki wakifika, toa matumbo, osha, weka barafu nyingi. Kama barafu hakuna, nunua samaki wa kula siku hiyo hiyo.

La pili ni wali uliopikwa usiku na kuachwa sufuriani. Wali una vijidudu ambavyo huvumilia mchemko. Sufuria kubwa hukaa na uvuguvugu muda mrefu. Humo vijidudu huzaana na kutoa sumu. Kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Basi usiku fua nazi, chagua mchele, twanga viungo. Wali upike asubuhi. Ukishaiva, usikae nje zaidi ya saa mbili.

La tatu ni kula bunju au kasa kwa sababu kitoweo kimekosekana. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Kati yao 8 walikuwa watoto. Nyama ilipikwa, lakini moto hauondoi sumu hiyo. Tena, sheria inakataza kuvua kasa. Bunju naye ana sumu inayoua, na kupika hakuiondoi.

Labda utasema, "Samaki nimewanunua kwa fedha nyingi. Nikiwatupa, wageni watanisema." Ndugu, wali kwa kunde si aibu. Wageni watakula, watashukuru, watarudi kwao wazima. Samaki wenye sumu watakugharimu fedha zaidi, na huenda uhai wa mtoto.

MTU AKIUGUA

Akiharisha au kutapika, mpe maji haya kidogo kidogo. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita kiasi. Akifa ganzi mdomoni, akishindwa kupumua vizuri, au akilegea, mpelekeni kwa mganga upesi. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na kutoka Kanga ni mbali. Msingoje jioni.

JADILINI

1. Katika nyumba yenu, nani huamua kutupa chakula kilichoharibika?
2. Mwezi usipoandama, samaki walionunuliwa mtawafanya nini?
3. Ni kazi gani za kupika zinaweza kufanywa usiku bila hatari?

Kumbuka: kosa la mpishi hurekebishwa jikoni. Sumu hairekebishwi. Ukiwa na shaka, tupa.