Kuipumzisha Simu: Tuache Nini, Tubaki na Nini?

Mtu anayetoka Mbeya kuja Tunduma mara nyingi hukuta foleni ya malori kandokando ya barabara kuu ya TANZAM kabla hajaufikia mji wenyewe. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwezi Oktoba 2019, nyaraka hushughulikiwa upande mmoja tu wa mpaka, lakini foleni bado hutokea, na dereva anaweza kulala ndani ya kabini hata usiku kadhaa. Ukipita hapo saa saba za usiku utaona mwanga hafifu kwenye vioo vya malori. Si taa za gari, ni simu.

Siku hizi watu wengi wanasema wangependa kupumzika na mitandao ya kijamii. Wengine hufanya hivyo wakati wa Kwaresima, na Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe, Jumatano ya Majivu ya mwaka 2020, aliwahimiza waamini waziache simu zao kidogo. Hapa tutaitazama habari hiyo kwa upande wa afya. Je, mapumziko hayo humsaidia mtu nini mwilini na akilini, na apumzike na kitu gani hasa? Maana simu hiyo moja hufanya kazi mbili zisizofanana: kuongea na mtu unayemjua, na kupitisha picha na habari za watu usiowajua. Kinachochosha zaidi ni hiyo ya pili.

Tuanze na usingizi, kwa kuwa hapo ndipo madhara yanapoonekana mapema. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga mkali unaoelekezwa machoni karibu na uso huichelewesha. Lakini hata mwanga ukipunguzwa, bado kuna yale yanayosomwa: ugomvi, matusi, habari ya ajali, video ya kuchekesha, kisha nyingine, kisha nyingine. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba, na kijana wa sekondari kati ya saa nane na kumi. Dereva aliyelala saa tatu, akaamka alfajiri kuuteremka mlima Senjele na tani thelathini nyuma yake, ni hatari kwake na kwa abiria wa basi linalokuja mbele yake. Kusinzia kwa sekunde mbili au tatu kunatosha.

Kwa nini basi mtu asiiweke simu chini, na hali anajua? Mtazame kuku anavyochakura. Angekuwa anapata punje kila anapoparua, angeshiba na kuondoka. Angekuwa hapati kabisa, angekata tamaa. Kwa sababu mara anapata na mara hapati, huendelea kutwa nzima. Mitandao hii imetengenezwa kwa namna hiyo hiyo. Ukipitisha mara tisa hakuna kitu, mara ya kumi pana jambo la kukusisimua, na ubongo unakumbuka ile ya kumi. Si udhaifu wa tabia tu, kama baadhi ya wazazi wanavyowaambia watoto wao. Kuna makampuni makubwa yanayopata fedha kadiri macho yetu yanavyokaa hapo.

Aidha, tusiwe wepesi kumwita kijana mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuingiza ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo ya kompyuta na simu, lakini halikuingiza ugonjwa wa mitandao ya kijamii.

Je, kupumzika kunafaa? Mwaka 2018 wachumi wa Marekani walifanya jaribio kwa watu wapatao 2,700. Baadhi yao walilipwa ili wafunge akaunti zao za Facebook kwa majuma manne kabla ya uchaguzi wa Novemba. Waliofunga walipata nafasi ya kama saa nzima kwa siku, na sehemu ya muda huo waliutumia pamoja na ndugu na marafiki. Walijisikia vizuri zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo tu. Hasira zao za kisiasa zilipungua, lakini pia walijua habari kidogo kuliko wenzao. Majuma manne yalipokwisha, wengi hawakurudia kiwango kile cha zamani. Kwa hiyo faida ipo, ila asitokee mtu akawaahidi muujiza.

Sisi Watanzania tumepata pia mapumziko ambayo hatukuyaomba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Hayo hayakuwa mapumziko hata kidogo. Mtu asiyejua mwanawe aliyeko mji mwingine yu hali gani halali usingizi, hata kama hana cha kupekua. Kisha intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba, picha za waliojeruhiwa na waliouawa zilimiminika kwenye simu kwa mara moja. Kujua yaliyotokea ni haki ya mtu. Lakini kuitazama video ile ile mara ishirini kunaumiza. Baada ya mabomu mawili kulipuka katika mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti waligundua kwamba watu waliofuatilia habari hizo saa sita au zaidi kwa siku, katika juma lililofuata, walikuwa na dalili za mshtuko nyingi kuliko hata wale waliokuwapo penye mlipuko. Basi soma habari, ifahamu, uwapigie simu ndugu zako, halafu funga. Na usiwatumie wengine picha ya maiti; huenda mama yake yumo katika kundi hilo.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Mfanyabiashara wa mahindi wa Tunduma hawezi kufuta WhatsApp, kwa sababu bei na oda zinapitia humo, na mke wa dereva aliyeko Lubumbashi hana njia rahisi zaidi ya kumwona mumewe. Hao wasifute. Wanyamazishe makundi, maana WhatsApp inaruhusu kulinyamazisha kundi kwa saa nane, kwa juma zima au moja kwa moja, na wala mwenye kundi hapewi taarifa. Zile programu za kupitisha video ndizo za kuondoa kabisa kwenye simu kwa majuma mawili au manne. Akaunti haipotei; ukitaka utairudisha.

Usiku, dawa nzuri ni kitochi. Wengi tunacho kabatini. Hamishia laini ndani yake ifikapo saa tatu usiku, na simu kubwa iache sebuleni au ndani ya dashibodi. Tajiri wa lori atakupata, mkeo atakupata, M-Pesa na Airtel Money hufanya kazi bila intaneti, na kengele ya kuamsha imo. (Kwa sisi wa mpakani kuna faida ya ziada: kitochi kikinasa mtandao wa Zambia hakili bando.)

Siku tatu au nne za mwanzo si nzuri. Mkono utaenda mfukoni wenyewe, utahisi simu imetikisika na kumbe haikutikisika, na jioni itaonekana ndefu. Hali hiyo hupungua. Ni vema kupanga mapema jioni hiyo itajazwa na nini, maana aliyeacha TikTok akabaki peke yake chumbani amebadilisha aina tu ya upweke. Wazazi nao wasimnyang'anye mtoto simu huku wao wameshika zao mezani.

Yafaa ieleweke kwamba yako mambo ambayo kuipumzisha simu hakuyatibu. Mtu akipitisha majuma mawili au zaidi akiwa na huzuni nzito, hataki kula, halali hata simu ikiwa haipo, au anasema heri asingekuwapo, hiyo yaweza kuwa sonona. Asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka hapo ataelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, Vwawa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambako kuna huduma ya afya ya akili. Kwa mtoto anayetukanwa au kutishwa mtandaoni, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto. Kupiga ni bure, hata kwa kitochi.