Baisikeli Ikilia "Ta! Ta!": Hesabu Kwanza, Ndipo Ununue Spea

Ndugu mkulima, ukiwa na baisikeli bila shaka umewahi kuusikia mlio huu. Umetoka nyumbani alfajiri, gunia limefungwa vizuri kwenye keria, na maadamu njia ni tambarare baisikeli iko kimya. Unapoanza kupanda kilima, chini ya miguu yako unasikia ta! ... ta! ... ta! Unashuka na kuitazama, huoni kitu. Unainua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kwa mkono, kimya. Unapanda tena, na mara inaanza kulia kana kwamba inakucheka.

Huku Karungu baisikeli, ambayo kwa Kijaluo huitwa ndiga, bado ina kazi nyingi. Zile za kuchukua watu, zilizoanzia mpakani Busia kwa jina la boda boda, nyingi zimekwisha kugeuka pikipiki. Lakini mitungi ya maji, mihogo, mahindi ya kusagwa na samaki wa kutoka ufukweni Sori bado huchukuliwa kwa miguu ya mtu na mnyororo. Mzigo wa kilo 90 juu ya magurudumu mawili si mchezo. Kitu kinacholia chini ya mzigo kama huo yafaa kijulikane mapema, maana huenda kikakatika kwenye mteremko.

Jirani yangu mmoja hununua samaki ufukweni na kuwapeleka bara. Baisikeli yake ilipoanza kulia, fundi wa kwanza alimwambia ni gololi za katikati, akanunua gololi. Mlio haukwisha. Wa pili akasema ni mnyororo, akanunua mnyororo. Wa tatu akasema ni friwili, na hiyo nayo ikanunuliwa. Baada ya fedha zote hizo baisikeli ililia vile vile, ila sasa ilikuwa na mnyororo mpya unaong'aa. Mafundi wale hawakuwa wezi. Kosa lao lilikuwa kuliamini sikio.

Fremu ya baisikeli ni mabomba matupu ya chuma, na chuma husafirisha sauti kama waya wa simu. Kitu kikigonga chini ya kiti, utaapa kwamba kimegonga kwenye pedali. Kwa hiyo sikio haliwezi kukuambia vizuri sauti inatoka wapi. Lakini laweza kukuambia bila kukosea inatoka mara ngapi, na hiyo ndiyo siri ya kazi hii.

Hesabu meno ya gurudumu la meno la mbele, kisha meno ya friwili. Tuseme ya mbele ni 44 na ya nyuma ni 18. Ukigawanya 44 kwa 18 utapata karibu 2.4. Maana yake, pedali ikizunguka mara 10, magurudumu huzunguka mara 24 hivi. Kisha hesabu pini za mnyororo. Zikiwa 110, pedali ikizunguka mara 10 meno 440 yamepita, na mnyororo wote umezunguka mara 4 tu. Basi una hesabu tatu mbali mbali: 10 ni ya pedali, 24 ni ya magurudumu, 4 ni ya mnyororo. Baisikeli yako ikiwa na meno mengine, fanya hesabu yako mwenyewe. Mtoto wa shule atakusaidia, na itamfaa kuliko zile hesabu za mabomba yanayojaza tangi.

Sasa chagua asubuhi iliyo tulivu, kabla upepo wa ziwa haujaanza kukupigia masikioni. Ondoa kila kitu kinachoning'inia: pampu, kufuli, kopo, mipira ya kufungia mizigo. Usicheke, nimewahi kutafuta mlio kwa siku mbili, kumbe ni kufuli langu lililokuwa likigonga bomba. Panda kilima kidogo, hesabu pedali kumi kwa mguu wa kulia, na mwenzako akitembea kando ahesabu milio.

Akipata 4, shida ni ya mnyororo: pingili moja imekaza na haikunjiki, au pini imeanza kutoka. Geuza baisikeli juu chini, zungusha pedali kinyumenyume polepole, na utaiona ile pingili ikiruka inapopita kwenye friwili. Itie mafuta na uikunje huku na huku kwa mikono mpaka ilegee. Pini iliyotokeza irudishwe na fundi kabla haijakatika.

Akipata 24, ni gurudumu. Tia alama ya chaki kwenye tairi ili ujue mlio hutokea upande gani wa duara. Tazama jiwe lililokwama, au waya wa madigadi unaoguswa na uvimbe wa tairi. Ikiwa hakuna, shika spoku mbili mbili na uzibane kwa mkono, ukizunguka gurudumu lote. Ile iliyolegea utaitambua mara moja. Spoku moja ikilegea, jirani zake huchukua mzigo wake, na baada ya siku chache huanza kukatika moja baada ya nyingine. Wachukuzi wa mahindi wanajua jambo hili vizuri sana.

Akipata 10, au 20, hapo ndipo penye kazi kubwa. Usikimbilie kufungua pedali. Kwanza simama juu ya pedali bila kukaa, kisha ukandamize. Mlio ukikoma, ulikuwa wa kiti au bomba lake: mwili huyumba kila unapokandamiza, na kiti hulia kwa kufuata miguu. Kaza nati zake, na bomba lake lipake grisi kidogo. Jaribu pia bila mzigo, maana keria yenye bolti iliyolegea hufanya vivyo hivyo. Kisha endesha usukani ukiwa umeushika kidogo tu kwa vidole. Mlio ukikoma, shida iko mbele.

Ukiendelea kulia, sukuma kwa mguu wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Ukilia upande mmoja tu, angalia kwanza pedali ya upande huo. Skrubu yake iliyokauka hulia hata ikiwa imekaza. Itoe, ifute, itie grisi, irudishe. Lakini angalia! Pedali ya kulia hukazwa kwa kuizungusha kama saa inavyokwenda, na ya kushoto hukazwa kinyume. Ilitengenezwa hivyo makusudi ili mwendo wa miguu usiifungue. Watu wengi wameharibu mkono wa kushoto kwa kulazimisha spana upande usiofaa.

Halafu iko ile kotapini, kipande cha chuma kilichochongwa upande mmoja, ambacho hushikilia mkono wa pedali kwenye ekseli ya katikati. Baisikeli zetu nyeusi za mizigo karibu zote zinayo, moja kila upande. Ijaribu hivi: weka mikono ya pedali iwe sawa na ardhi, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha kandamiza pedali zote mbili kwa nguvu. Zungusha nusu duara na ukandamize tena. Ukisikia kitu kikigonga, kotapini imelegea au imelika. Ujue pia kutofautisha na ekseli: shika mkono wa pedali na kuutikisa kuelekea kwenye fremu na kurudi. Mikono yote miwili ikicheza pamoja, ni gololi na vikombe vyake. Ukicheza mmoja tu, ni kotapini ya huo.

Jirani yangu tulipomhesabia tulipata 10, na alipokandamiza pedali zake, ya kushoto iligonga kama mlango usiofungika. Kotapini ile ilikuwa imelegea muda mrefu hata ikala tundu la mkono wa pedali, kwa hiyo ilimbidi anunue na mkono mpya. Laiti angeijua mapema, kotapini peke yake ingetosha, nayo ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyokwisha nunua.

Kuirudisha kotapini kwataka uangalifu. Nati yake si ya kuivuta iingie, ni ya kuizuia tu isitoke. Ukiikaza kwa nguvu nyingi utaivua meno. Weka chuma kizito au gogo gumu chini ya mkono wa pedali, ili pigo lisiumize gololi. Weka kipande cha mti juu ya kotapini, piga kwa nyundo, ndipo ukaze nati. Endesha mwendo mfupi, kisha upige tena. Ukitia mbili mpya, moja itazame juu na nyingine chini, la sivyo pedali hazitakuwa katika mstari mmoja.

Mlio wa gololi mara nyingi twajiletea wenyewe. Wengi wetu huiingiza baisikeli ziwani hadi katikati ya magurudumu ili kuiosha. Maji huondoa grisi, na mchanga mwembamba wa ufukweni huingia mahali pake na kusaga chuma. Iosheni kwa kitambaa na ndoo.

Na kama umejaribu yote haya na mlio upo bado, ifute fremu iwe safi, kisha itazame kwenye jua: mahali uma wa mbele unapoingia kwenye fremu, mahali mabomba yanapokutana katikati, na nyuma karibu na nati za gurudumu. Mstari mwembamba wa kutu uliopita katika rangi waweza kuwa ufa. Ukiwa kwenye uma, usiipande baisikeli hiyo hata kurudi nyumbani. Itembeze kwa mkono. Ukiwa nyuma, usiibebeshe kitu mpaka iunganishwe.

Ule mlio wa haraka haraka unaosikika nyuma unapoacha kusukuma pedali si ugonjwa. Ni vidole vidogo vilivyo ndani ya friwili vikiruka meno yake, na ndivyo iliyotengenezwa kufanya.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu kwamba baisikeli inalia. Mwambie: inalia mara 10 katika pedali kumi, nikikaa na nikisimama, kwa mguu wa kushoto tu. Ataanza hapo hapo.