Siri za Watu Katika Kompyuta ya Ofisi: Namna ya Kuchagua Kivinjari



Katika ofisi nyingi za parokia kompyuta ni moja tu. Asubuhi katibu huitumia kuandika taarifa, mchana mhazini huangalia akaunti ya benki, na jioni vijana hutafuta nyimbo za kwaya. Katika kompyuta hiyo hiyo yamo majina ya yatima tunaowalipia ada, orodha ya wagonjwa wanaohudumiwa majumbani na anwani za wafadhili. Watu hao walitupa habari zao kwa kutuamini. Kwa hiyo tumeona vema tueleze juu ya programu tunayoitumia kufungua kurasa za intaneti, yaani kivinjari.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kivinjari cha ofisini kwetu kilikuwa kimehifadhi neno la siri la barua pepe. Kijana aliyekuja kujitolea alipowasha kompyuta alikuta barua za wafadhili ziko wazi mbele yake. Alikuwa mwaminifu, akatuambia. Angekuwa mwingine, tusingejua.

Kivinjari kinajua nini?

Kivinjari hukumbuka kurasa zilizofunguliwa, huweza kuhifadhi maneno ya siri, na hutunza vidakuzi. Hivi ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka katika kompyuta ili imtambue mtu akirudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na vina faida: bila hivyo tungelazimika kujitambulisha upya katika kila ukurasa. Tatizo ni makampuni ya matangazo, ambayo huweka vidakuzi vyao ndani ya tovuti za wengine. Kwa njia hiyo humfuata mtu toka tovuti moja hadi nyingine, na huweza kujua kama anasoma habari za ugonjwa au za mikopo.

Kipi kinafaa?

Internet Explorer, ambacho wengi tulikizoea, kilikoma kuhudumiwa na Microsoft katika kompyuta nyingi tarehe 15 Juni 2022. Kivinjari kisichopata marekebisho ni kama mlango wenye kitasa kibovu. Kama bado mnacho, kiacheni.

Chrome cha Google hupata marekebisho ya usalama mara kwa mara. Lakini sehemu kubwa ya mapato ya Google hutokana na matangazo, na kivinjari hicho kwa kawaida hakizuii vidakuzi vya wafuatiliaji mpaka mtumiaji mwenyewe abadili mipangilio.

Firefox hutengenezwa na Mozilla, ambayo msingi wake ni taasisi isiyotafuta faida. Tangu mwaka 2019 huzuia wafuatiliaji wengi bila kuombwa.

Brave nacho huzuia wafuatiliaji na matangazo mengi tangu siku ya kwanza, jambo linalopunguza pia matumizi ya bando.

Tor huficha zaidi, kwa kupitisha mawasiliano katika kompyuta kadhaa za mbali, lakini ni cha polepole na tovuti nyingine hukikataa.

Kwa kazi za kila siku za parokia tunapendekeza Firefox au Brave. Vyote viwili hupatikana bure.

Dirisha la faragha

Wengi hudhani kuwa wakifungua dirisha la faragha hawaonekani. Sivyo. Dirisha hilo hufuta kumbukumbu katika kompyuta hiyo tu. Tovuti na kampuni ya intaneti bado huweza kumwona mtu. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa nchini Marekani juu ya jambo hili, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Hata hivyo, dirisha hilo lina faida mnapotumia kompyuta ya watu wengi.

Mambo matano ya kufanya

1. Pakueni kivinjari kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe.
2. Kila mtumiaji awe na akaunti yake na neno lake la siri katika kompyuta.
3. Msihifadhi maneno ya siri katika kivinjari kinachotumiwa na wengi.
4. Kivinjari kikiomba kufungwa na kufunguliwa upya ili kipokee marekebisho, msiahirishe.
5. Andikeni anwani ya benki wenyewe, msibonyeze kiungo kilicholetwa kwa barua pepe. Alama ya kufuli huonyesha kuwa njia ni salama, lakini haithibitishi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata matapeli wanayo.

Kumbukeni pia kuwa jambo hili sasa ni la kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayekusanya habari za watu anawajibika kuzilinda.

Tunaziomba kamati ziliweke suala hili katika ajenda ya kikao kijacho. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja na haihitaji fedha. Nanyi wafadhili, msione haya kutuuliza majina yenu yanatunzwa wapi na nani anayafungua. Swali hilo ni haki yenu, kama ilivyo haki ya mgonjwa ambaye jina lake limo katika orodha yetu.