Kirubi, Kakuzi na nguvu ya mwenyehisa asiyenyamaza

KAMPUNI ya Kakuzi, ambayo anwani yake ya posta ni ya Thika na mashamba yake yameenea Makuyu, mwendo mfupi kutoka mjini humo, ina mwenyehisa mmoja Mkenya anayemiliki karibu thuluthi moja ya hisa zake zote. Huyu ni mtu binafsi, si benki wala shirika la kigeni. Kwa bei za soko za miaka ya hivi karibuni, hisa zake zina thamani ya zaidi ya Sh2 bilioni.

Hata hivyo, hana uwezo wa kumwondoa mkurugenzi hata mmoja.

Mzaliwa wa Murang'a, marehemu Chris Kirubi, alijikusanyia kiasi kinachokaribiana na hicho katika kampuni nyingine, Centum, na kwa miaka mingi hapakuwa na uamuzi mkubwa uliopitishwa pale bila yeye kuukubali. Kwa nini thuluthi ya mmoja izae ufalme, na thuluthi ya mwingine izae mgao wa faida tu? Swali hili linawahusu hata wale wa Makongeni na Ruiru ambao hununua hisa mia mbili tatu na kuziweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Katika nchi za Magharibi kuna kundi la matajiri wanaoitwa wawekezaji wanaharakati. Aghalabu huendesha mifuko ya fedha inayochanga mabilioni kutoka kwa mabwanyenye na mifuko ya pensheni. Hununua sehemu ya kampuni wanayoiona imelala, kisha huanza kelele: bodi ibadilishwe, mali isiyotumika iuzwe, meneja mkuu aende zake. Carl Icahn wa New York alijipatia sifa, na laana pia, alipoitwaa kampuni ya ndege ya TWA mwaka wa 1985. Bill Ackman aliibadilisha bodi ya shirika la reli la Canadian Pacific mwaka wa 2012, na mwaka huo huo akaanza vita dhidi ya kampuni ya Herbalife ambavyo alivikimbia mnamo 2018 akiwa amepata hasara.

Kenya haijawahi kuwa na mtu wa namna hiyo hasa. Soko la Hisa la Nairobi, NSE, ni dogo, na kampuni nyingi zilizomo humo zina mwenyewe anayejulikana, awe ni serikali, familia au kampuni mama iliyoko ng'ambo. Aliyekaribia zaidi ni Bw Kirubi, na hata yeye hakuwa na mfuko wa watu. Alitumia pesa zake.

Alizaliwa Agosti 20, 1941, na akafiwa na wazazi wake wote wawili angali mdogo. Mwenyewe hakuchoka kusimulia jinsi alivyofanya vibarua wakati wa likizo ili aendelee na masomo. Baada ya shule aliajiriwa na kampuni ya Shell kushughulikia mitungi ya gesi, kisha akafanya kazi katika shirika la uchukuzi la Kenatco. Ujuzi uliomtajirisha aliupata kwingine. Mapema katika miaka ya 1970 alianza kununua majumba yaliyochakaa jijini Nairobi na Mombasa, akayakarabati, kisha akayakodisha au kuyauza kwa bei ya juu.

Mantiki ya nyumba hizo ndiyo aliyokwenda nayo kwenye hisa. Nyumba mbovu iliyo mahali pazuri haiuzwi ghali kwa sababu mnunuzi wa kawaida huona nyufa. Yeye aliona kiwanja.

Baadaye yalikuja mengine ambayo wasomaji wetu wanayajua: kiwanda cha Haco, kilichotengeneza kalamu za BIC kwa leseni, na kituo cha redio cha Capital FM alikojiita DJ CK na kupiga muziki wa roki akiwa na umri wa kuwa babu. Hayo tuyapite. Kilichomweka katika mjadala huu ni kampuni ambayo zamani iliitwa ICDC Investment.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1967 chini ya shirika la serikali la ICDC ili kuwapa Waafrika njia ya kumiliki sehemu ya biashara ambazo hadi wakati huo zilikuwa mikononi mwa wageni. Iliingia katika soko la hisa mwaka wa 1977. Kwa hiyo wenyehisa wake walikuwa maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida: walimu, makarani, wakulima wa kahawa. Shirika la ICDC lilibaki na karibu asilimia 23. Mali yake ilikuwa vipande vya kampuni nzuri, vikiwemo vya viwanda vya soda, lakini ilikaa kama mzee anayeota jua: ilipokea mgao wa faida kutoka huku na kuugawa kule.

Bw Kirubi aliingia katika bodi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa muda akawa mwenyekiti. Aliendelea kununua hisa kidogo kidogo hadi akafikia takriban asilimia 30 na kuwa mwenyehisa mkubwa kuliko wote, akiipita hata serikali. Mwaka wa 2008 jina likabadilishwa kuwa Centum, na Oktoba mwaka huo James Mworia, kijana wa miaka 30 aliyewahi kuwa mwanagenzi katika kampuni hiyo hiyo, akateuliwa afisa mkuu mtendaji.

Hapa ndipo hesabu ya kura inapofaa kueleweka. Katika mkutano mkuu wa kampuni, hoja za kawaida huamuliwa kwa wingi wa kura zilizopigwa, si kwa wingi wa hisa zote zilizopo. Mwenye hisa 300 kule Gatanga hapandi matatu hadi Nairobi kwenda kupiga kura, na fomu ya kumteua mwakilishi huishia kuwashia jiko. Ikiwa nusu ya hisa hazikupigiwa kura, mwenye asilimia 30 ana asilimia 60 ya kura zilizomo ukumbini. Hahitaji kumshawishi yeyote.

Pale Makuyu hali ni kinyume. Kampuni ya Camellia ya Uingereza inamiliki asilimia 50.7 ya Kakuzi kupitia kampuni zake mbili. Hata wenyehisa wengine wote wakija wakiwa wameshikana mikono, kura zao hazitafika nusu. Mwenye thuluthi anaweza kuzuia azimio maalumu, kwa kuwa hilo huhitaji asilimia 75, na sheria inamruhusu mwenye asilimia 10 kudai mkutano uitishwe. Ataitisha mkutano, atahutubia, atashindwa.

Mnamo 2020 madai ya ukiukaji wa haki za binadamu yaliyoelekezwa kwa walinzi wa Kakuzi yalifikishwa mahakamani jijini London. Duka la Tesco likasitisha ununuzi wa maparachichi ya kampuni hiyo Oktoba mwaka huo, na Februari 2021 Camellia ikakubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza kesi. Shinikizo lililoitikisa kampuni hiyo lilitoka kwa mawakili na muuza mboga wa Uingereza, si katika mkutano wa wenyehisa.

Sheria nayo ina kizingiti chake. Kanuni za utwaaji kampuni za mwaka wa 2002 humchukulia mtu aliyefikisha asilimia 25 kuwa anakaribia kushika usukani. Akitaka kuvuka hapo, au akiwa kati ya asilimia 25 na 50 na anunue zaidi ya asilimia 5 katika mwaka mmoja, hulazimika kuwapa wenyehisa wote fursa ya kumuuzia, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, imemsamehe. Lengo ni kumlinda mnyonge asiachwe na bwana mpya asiyemchagua.

Manufaa ya kinga hiyo yalionekana katika vita vya kuitwaa kampuni ya mkonge ya Rea Vipingo. Kampuni ya REA Trading ilijitokeza mnamo 2013 ikiwa tayari kulipa Sh40 kwa kila hisa. Centum ikaingilia kati na kutaja Sh50. Kila upande ukapandisha, na shughuli ilipokamilika mnamo 2015 wenyehisa walilipwa Sh85. Centum haikuichukua kampuni, bali iliondoka na ardhi kubwa kule Vipingo, pwani, ambayo ndiyo iliyoitamani tangu mwanzo. Hisa ile ile, shamba lile lile, na bei imezidi maradufu kwa sababu tu alitokea mnunuzi wa pili. Aliyekimbilia kukubali Sh40 angejuta.

Ingekuwa vyema kuishia hapo na kumvisha Bw Kirubi taji, lakini daftari la Centum lina kurasa nyingine. Baada ya 2009 kampuni iliacha kulipa mgao wa faida ili pesa zote zirudishwe katika uwekezaji. Kwa tajiri mwenye majumba na viwanda, kusubiri si tatizo. Kwa mwalimu mstaafu aliyezoea hundi yake ya kila mwaka, ulikuwa uamuzi uliofanywa juu ya kichwa chake. Mgao ulirejea mwaka wa 2016, Sh1 kwa kila hisa.

Kwa muda bei ya hisa iliwapa wakubwa haki. Kufikia 2014 na 2015 ilikuwa imepanda hadi kupita Sh60. Kisha ikaja jengo la maduka la Two Rivers, lililofunguliwa Februari 2017 katika barabara ya Limuru, pamoja na madeni yake, wakati ambapo biashara ya nyumba na maduka ilikuwa inapoa. Mwaka wa 2019 Centum iliuza hisa zake za viwanda vya soda kwa takriban Sh19.5 bilioni ili kulipa madeni. Vilikuwa miongoni mwa mali zilizoilisha kampuni kwa miaka mingi.

Soko halikutulizwa. Kufikia 2022 hisa ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya Sh10, ilhali kwa hesabu za kampuni yenyewe mali iliyo nyuma ya kila hisa ilikuwa na thamani ya zaidi ya mara nne ya bei hiyo. Icahn akiona pengo la namna hiyo, hupiga simu kabla ya staftahi. Lakini nani angeivamia Centum? Mwanaharakati tayari alikuwa ndani, na ndiye mwenye nyumba. Huo ndio udhaifu wa mfumo huu ambao sifa za marehemu huuficha: anayekuja kuamsha waliolala akishakaa kwenye kiti, hakuna wa kumwamsha yeye.

Bw Kirubi alifariki Juni 14, 2021, baada ya kuugua saratani kwa miaka kadhaa. Bintiye, Mary-Ann Musangi, alichukua nafasi ya familia katika bodi. Mapema mwaka wa 2023 Centum ilitangaza mpango wa kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake yenyewe kutoka kwa wenyehisa waliotaka kuziuza, kwa bei isiyozidi Sh9.03 kwa kila moja.