JAHAZI LA KARATASI: CHOMBO CHA PALMA KWENYE MEZA YA NYUMBANI

Mji wa Palma umekaa kwenye Ghuba ya Tungi, kaskazini kabisa mwa pwani ya Msumbiji, kusini kidogo ya mlango wa Mto Ruvuma. Watu wake husema Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, na tangu zamani Mikindani na Mtwara zimekuwa jirani zao wa karibu kuliko Maputo. Njia ya kwenda kwa majirani hao ilikuwa bahari, na chombo cha safari kilikuwa jahazi. Mwaka 1887 Wareno waliishambulia ghuba hiyo kwa manowari na kuitwaa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Mpaka ukabadilika, kusi na kaskazi hazikubadilika, na matanga yaliendelea kwenda na kurudi.

Tarehe 24 Machi 2021 watu wenye silaha waliuvamia mji huo. Maelfu walikimbia, wengine kwa miguu kupitia porini, wengine kwa vyombo vya baharini hadi mji wa Pemba ulio kusini, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Mwezi Julai mwaka huohuo askari wa Rwanda waliingia, kisha wakafuata askari wa nchi za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake mwaka 2024. Wakazi wengi wamekwisha kurejea Palma, lakini ziko familia zilizokaa miaka Mueda au Montepuez, ambako bahari haionekani. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile akakulia bara, alifikia umri wa kusoma bila kujua foromali ni kitu gani.

Kwa sababu hiyo, leo tunaeleza kazi ya mikono inayofaa familia yoyote, ya Palma, ya Mtwara, au ya askari aliyeko likizo kambini: kuunda mfano wa jahazi kwa karatasi ngumu. Gharama yake ni ndogo, na faida yake si mchezo tu.

MFANO ULIVYOOKOA MTEPE

Vasco da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba vyombo vya huko havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba, na matanga yalikuwa ya mikeka. Chombo cha namna hiyo kilichodumu zaidi upande wetu wa kaskazini ni mtepe wa visiwa vya Lamu. Katika karne ya ishirini nao ulitoweka majini, na mafundi walioujua wakafariki mmoja mmoja.

Hata hivyo mtepe haukupotea kabisa. Mifano midogo ilibaki katika majumba ya makumbusho, pamoja na picha na maandishi ya watu waliowahi kuuona. Kutokana na mabaki hayo, mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa Unguja na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kilichotoweka baharini kiliwezekana kuundwa tena kwa sababu kuna watu waliokuwa wamekitengeneza kwa udogo na kukitunza.

Wala kutumia karatasi si jambo la kudharauliwa. Poland, tangu mwaka 1957, gazeti liitwalo Mały Modelarz limekuwa likichapisha kurasa za meli, ndege na magari ya kukatwa kwa mkasi na kubandikwa, na vijana wengi wa huko wamejifunza vipimo na uvumilivu kwa njia hiyo.

VIFAA NA VIPIMO

Tafuta karatasi mbili za manila, boksi moja tupu lisilo na mikunjo, mkasi, wembe, rula, penseli, uzi mnene, vibanio vya nguo, kipande cha marikani iliyochakaa, na vijiti vilivyonyooka. Gundi ya mbao inafaa sana. Isipopatikana, pika uji mzito wa unga wa muhogo. Usiufanye mwepesi, maana maji yakizidi karatasi hukunjamana. Kazi ya wembe iwe ya mtu mzima.

Kipimo kiwe moja kwa hamsini, yaani sentimita mbili za mfano zisimame badala ya mita moja ya kweli. Jahazi la mita 15 litakuwa na sentimita 30; upana wa mita 5 utakuwa sentimita 10; kina cha mita mbili na nusu kitakuwa sentimita 5. Mwache mtoto apige hesabu hizo mwenyewe. Kisha akate mtu wa karatasi mwenye urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Huyo ndiye nahodha, na akisimama ndani ya chombo ataonyesha kama vipimo vimekosewa.

KAZI YENYEWE

Fundi wa pwani hana ramani. Hulaza mkuku, husimamisha miti ya omo na tezi, kisha hupandisha mbao kwa kupima na jicho. Karatasi haina nguvu ya mbao, kwa hiyo sisi tutatanguliza mifupa.

Kwanza, kata kutoka kwenye boksi umbo zima la chombo likitazamwa ubavuni: mkuku chini, omo iliyoinama kwenda mbele, na tezi nyuma. Pili, kata mataruma tisa, yapachikwe kila baada ya sentimita tatu. La katikati liwe pana kuliko yote, na mengine yapungue kuelekea omo na tezi. Yale ya nyuma yasipungue sana, kwa kuwa jahazi lina ukuta bapa kwenye shetri. Chora nusu ya kila taruma, kunja karatasi katikati, kisha kata nusu zote mbili kwa pamoja, ili kushoto na kulia kulingane.

Tatu, tia mkato kwenye mkuku kutoka juu hadi nusu, na kwenye kila taruma kutoka chini hadi nusu. Vipande vitakabana bila msumari. Hakikisha kila taruma limesimama wima kabla ya kutia gundi.

Nne ni mbao za ubavu, na hapa wengi huharibu. Karatasi hukubali kupindwa upande mmoja, lakini haikubali kupindwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ukijaribu kufunika ubavu wote kwa kipande kimoja, itavimba na kupasuka. Kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, sawa na mbao za kweli za robo mita. Chunguza pia karatasi yako inapinda kwa urahisi upande upi, maana kila karatasi ina uelekeo wake kama mti. Bandika kipande kimoja kushoto na kimoja kulia, kwa zamu, kuanzia chini. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mifupa itavutwa na chombo kitapinda kama ndizi. Banua kwa vibanio, acha kikauke, ndipo uendelee. Jioni moja haitoshi. Tenga wiki mbili.

Tano, mlingoti wa sentimita 24 usimame juu ya mwashiri, uinamishwe kidogo kwenda mbele kama ilivyo kwenye majahazi yetu. Foromali iwe ndefu zaidi, sentimita 32. Tanga la pembe tatu likatwe kwenye marikani, na ukingo wake ushonwe uzi mnene, ambao ndio dasi. Mwisho, chini ya mstari wa maji paka rangi nyeupe, mfano wa shahamu ya chokaa na mafuta. Juu yake paka chai ya rangi iliyokolea, mfano wa mbao zilizopakwa sifa. Ukitaka jahazi lielee kwenye beseni, lisugue nje kwa mshumaa.

MAJINA YASIACHWE

Jahazi likikamilika, kazi moja bado, nayo ndiyo kubwa. Kata vijikaratasi na kuandika jina la kila sehemu: omo, tezi, mkuku, taruma, mwashiri, usukani, na kana ya kuushikia usukani. Ngama ni pale chini maji yanapokusanyika. Henza ni kamba nene inayopandisha foromali, jarari ni kamba ipitayo kwenye abedari ili kuivuta henza, na demani ndiyo huishika pembe ya nyuma ya tanga. Maneno haya hayasemwi sokoni wala ofisini. Yanakaa chomboni, na mtu asiyepanda chombo huyasahau.

Nyumba yenye mzee aliyewahi kusafiri baharini ina bahati. Mwekeeni jahazi mbele yake na mmwombe alikague. Atataja majina tofauti na haya, kwa kuwa Wamwani, Wabajuni na Waunguja hawakubaliani kwa kila kamba. Andikeni majina yake pembeni ya yetu. Akisema tanga limefungwa visivyo, kateni uzi na kufunga upya mbele ya macho yake, naye mtoto ndiye ashike uzi.